Jua la Kusi dirishani: nilivyolea maua ya Usambara chumbani kwangu Ngamiani

Juni ya mwaka juzi nilitupa vyungu viwili vya maua ambavyo havikuwa na ugonjwa wowote. Nilivifunga kwenye gunia pamoja na udongo wake, nikamkabidhi kijana wa taka, kisha nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili nikiamini nimekiokoa chungu cha tatu. Nikivikumbuka hadi leo roho inaniuma, maana vilikuwa vimebeba vitumba.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Ngamiani hapa Tanga. Chumba ninachoshonea kina dirisha moja tu, linatazama uani, upande wa kaskazini. Vyungu vyenyewe aliniletea shoga yangu kutoka Lushoto mwezi wa Novemba: vitatu, majani yana vinyweleo laini kama mahameli, maua ya zambarau yenye kitone cha njano katikati. Ni ua la Usambara. Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la milima yetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za utawala wao, alilikuta huku, mbegu zikapelekwa Ujerumani kwa baba yake, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Sasa linakaa madirishani dunia nzima, ila hapa mjini ukimwonyesha mtu atakuuliza umelitoa Ulaya. Mimi liliniingia moyoni siku ile ile, nikaapa halitafia mikononi mwangu.

Shida ya kwanza ilikuwa mwanga mdogo. Ua hili halinyauki likikosa mwanga, kwa hiyo unaweza kukaa miezi usijue. Vikonyo vya majani vilirefuka, majani yakasimama juu kama mikono inayoomba dua badala ya kulala duara kuzunguka chungu, na maua yaliyokuja nayo yalipokwisha hayakurudi. Nikawa naongeza maji nikidhani lina kiu. Matokeo yake vikaibuka vijinzi vyeusi vidogo vinavyorukaruka juu ya udongo. Hao sikuhangaika nao sana: funza wao wanaishi kwenye udongo mbichi wa juu, basi niliacha kumwagia juu, nikawa nakiweka chungu kwenye kisahani chenye maji nusu saa kisha namwaga yanayobaki. Kifuniko cha njano cha ndoo nilikipaka mafuta ya mgando, nikakisimamisha kando, wakawa wananasa hapo. Baada ya kama mwezi hawakuonekana tena.

Mwanga nilijifunza kuupima kwa kazi yangu. Pale ninapoweza kutunga uzi mweusi kwenye sindano bila kuwasha taa, mchana wa kawaida, ua linaweza kuishi. Ila kuishi na kuchanua ni mambo mawili. Kipimo kizuri zaidi ni kivuli: nyoosha kiganja juu ya majani, kama shubiri moja na nusu, saa sita mchana. Kivuli kikiwa na kingo kali kama kimekatwa kwa mkasi, hilo ni jua kali mno kwa ua hili. Kikiwa hafifu lakini vidole unavihesabu, hapo ndipo penyewe. Usipoona kivuli kabisa, hamisha chungu au weka taa.

Mimi niliweka taa. Nilianza na globu ya zamani ya kioo, ile ya moto, nikaunguza majani mawili kwa joto lake. Nikanunua globu ya LED ya wati 9, nyeupe, nikaitundika juu ya rafu. Wiki tatu hakuna kitu. Fundi umeme wa mtaani ndiye aliyenifungua macho: aliniambia mwanga wa globu hupungua haraka mno ukienda mbali, ukikata umbali nusu unapata karibu mara nne. Nilikuwa nimeitundika mita moja juu. Nikaishusha hadi sentimita 30 kutoka kwenye majani. Naiwasha saa kumi na mbili asubuhi, naizima saa kumi na mbili jioni, kwa sababu mmea nao unahitaji giza. Wanaoogopa gharama ya umeme wa LUKU nawapa hesabu: wati 9 kwa saa 12 ni wati-saa 108, kwa hiyo uniti moja, yaani wati-saa 1,000, inakwenda siku tisa. Kufika Machi majani mapya yalikuwa mafupi, yamelala chini, na Aprili vitumba vikatokea vyungu vyote vitatu. Nilimpigia shoga yangu simu usiku kumwambia.

Halafu ikaja Juni. Majani ya katikati yakaanza kujikunja na kubanana, yakawa madogo, magumu, rangi imepauka. Nikasoma kuhusu utitiri unaojificha kwenye moyo wa mmea, mdogo mno hauonekani kwa macho, na dalili zake ni hizo hizo: moyo kubanana, majani kudumaa. Ushauri karibu wote ulikuwa mmoja, tupa kabla haujahamia kwa mingine. Nikatupa viwili vilivyokuwa karibu zaidi na dirisha. Cha tatu kilionyesha dalili kidogo, nikashindwa kukitupa, nikakitenga kwenye meza ya pasi, ukuta wa ndani kabisa, mbali na dirisha na mbali na taa.

Wiki tatu baadaye moyo wake ulikuwa umefunguka. Jani changa limetandazika vizuri, kijani, halina mkunjo. Utitiri hauponi kwa kuhamishiwa meza ya pasi. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikalitazama lile dirisha, na ndipo nilipoona: jua limeingia ndani hatua nzima, limetandika sakafuni pale pale vilipokuwa vyungu. Miezi ya Kaskazi, upepo wa mwisho wa mwaka hadi Machi, halikuwa linaingia kabisa.

Jambo hili kila mwana wa pwani analijua bila kulitamka, lakini vitabu vya maua vya wenzetu wa Ulaya havilisemi kwa sababu kwao haliko hivyo. Kwao dirisha la kaskazini ni la kivuli mwaka mzima. Sisi Tanga tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzo wa Oktoba hadi mwanzo wa Machi, jua la adhuhuri linapita upande wa kusini, na dirisha la kaskazini linapata weupe wa mbingu tu. Kuanzia Machi linavuka utosi na kuinamia kaskazini, na Juni ndipo limeinama zaidi. Dirisha langu lilikuwa madirisha mawili tofauti, la Kaskazi na la Kusi, upepo wa katikati ya mwaka, nami nililitendea kama moja. Mbaya zaidi niliacha taa ikiwaka saa 12 juu ya jua hilo. Ule moyo uliobanana ulikuwa ni mmea unajikinga na mwanga uliozidi.

Kwa hiyo leo mtu akinionyesha moyo uliobanana simwambii atupe. Atenge chungu, apunguze mwanga, asubiri wiki tatu. Ukifunguka, lilikuwa jua. Ukizidi kujikunja, ukawa wa kijivu na vinyweleo vimesongamana, huo ni utitiri, na hapo kutupa ni haki. Kutenga ni muhimu katika hali zote mbili, maana kama ni utitiri utakuwa umezuia usiende kwa jirani.

Vidung'ata, wadudu wadogo weupe wanaofyonza mimea, ndio waliokuja kweli, mwezi wa Septemba, na waliotangulia ni sisimizi. Ukiona sisimizi wanapanda chungu cha maua kwa mstari, chunguza makwapa ya majani. Wanafuata utomvu mtamu ambao vidung'ata wanautoa. Nikakuta vipamba vyeupe vimejibana kwenye vikonyo. Mama mmoja jirani akaniambia, "Mwanangu, mwarobaini haushindwi na mdudu." Ana haki, nauheshimu mwarobaini, lakini nilinyunyiza mafuta yake na sabuni ya unga asubuhi, nikarudisha chungu dirishani. Jua na mafuta juu ya jani lenye vinyweleo vimeungana, kufika alasiri majani manne yana mabaka ya kahawia. Sabuni ya unga nayo ni kali mno kwa majani.

Kilichofanya kazi ni kijiti chenye pamba kilicholowekwa spiriti, nikigusa kipamba kimoja kimoja, jioni, mbali na mwanga. Kuwagusa waliokomaa hakutoshi, kwa sababu jike hutaga mamia ya mayai ndani ya ile pamba yake na watoto ni wadogo kuwaona. Nilirudia kila Ijumaa kwa wiki sita. Wiki ya nne nilitoa mmea kwenye chungu, nikakuta unga mweupe umeshika ukuta wa ndani, kwenye mizizi. Nikaosha mizizi kwa maji ya uvuguvugu, udongo wote nikautupa, chungu nikakichemsha. Bila hatua hiyo ningekuwa napangusa mpaka leo. Na miguu ya rafu niliisimamisha ndani ya makopo yenye maji, kama bibi zetu walivyofanya kwa kabati la chakula, sisimizi wasipande.

Kile chungu kimoja kilichobaki nimekikata majani, nikayachomeka kwenye mchanga na mboji, kila jani likatoa vitoto baada ya miezi miwili au mitatu. Sasa ninavyo kumi na moja. Dirishani nimetundika lesi nyeupe iliyobaki kwenye gauni la bi harusi mmoja. Inashuka wiki ya kwanza ya Machi, taa inapunguzwa iwake saa 6 tu kwa siku, na wiki ya kwanza ya Oktoba naikunja, taa inarudi kuwaka saa 12 kwa siku. Vyungu viwili nimemrudishia shoga yangu Lushoto. Kwake kuna baridi na dirisha lake linatazama mashariki, kwa hiyo tumekubaliana apime kivuli cha kiganja kila mwezi, aniandikie.