Sketi ya kanga, jina nyuma

Binti yangu ana miaka mitatu, na nguo zake za kushindia nazishona mwenyewe hapa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, kwa cherehani ya mkono aliyoniachia bibi. Si fundi mimi. Najua mshono ulionyooka, basi, na sketi ya mtoto haidai zaidi ya hapo.

Juzi nilitoa kanga moja kwenye doti. Nikaifua kwanza, maana pamba mpya hunywea. Ya mwaka jana sikuifua, ilipoguswa na maji tu ikapanda juu ya magoti. Nikakata kipande chenye upana mara mbili ya kiuno chake, pindo la kanga nikaliacha liwe chini, nisihangaike kukunja. Nikaunga nyuma. Juu nikakunja sentimita 3, nikashona, nikaacha upenyo wa vidole viwili, nikapitisha mpira kwa pini ya nepi. Mpira usibane. Ukibana, mtoto ataivua mbele za wageni; yamenikuta.

Jina, "Wasemao waseme", nililipanga likae mbele. Mwenyewe kavaa kinyume, na hataki kugeuzwa! Limekaa makalioni, herufi zote zinasomeka. Mama mkwe kacheka mpaka machozi.

"Mwache, mwanangu. Wa kusoma watainama."

Vipande vilivyobaki vimetoa vibanio viwili vya nywele na kikoba cha korosho. Kikoba kimeshapotea.