Maji ya mbege ya mahari

Kaka yetu alipokuwa anapeleka mahari, wakwe walikuwa Wachaga wenzetu wanaishi Tabata na walishasema wazi kabisa, bia za kreti leteni ila mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, lazima iwepo na isiwe ya kununua. Basi shangazi akashuka na basi kutoka Kibosho, Kilimanjaro, na ndizi mbivu, kimea cha ulezi, gome la mti wa msesewe la kutia uchungu, kila kitu kabeba mwenyewe kasoro maji. Maji akatukuta nayo sisi huku Mbezi, na hapo ndo shughuli ilipoanzia.

Nyumbani tulikuwa na kisima, na waliowahi kuchimba Dar wanajua nachosema, chumvi mpaka sabuni haitoi povu. Halafu bomba la maji ya Ruvu, ya mgao, tunajaza simtenki. Wiki ile ukifungua koki ni harufu ya dawa ya klorini tupu, utadhani bwawa la kuogelea.

Shangazi hakuuliza mtu. Akachemsha chai ya rangi sufuria mbili ndogo, majani yaleyale, bila sukari, moja maji ya kisima moja ya bomba. Ya kisima ikatoka imefifia na utando juu, akaonja akatema. Ya bomba akainywa yote, akasema maji mazuri haya, shida ni dawa tu na dawa inatoka.

Kaka akadakia, sasa shangazi si tunachemsha ndizi kutwa nzima, hiyo dawa itabaki wapi? Na kweli, ndizi zinapikwa mpaka zinageuka nyekundu, klorini haivumilii moto ule. Ila shangazi alikuwa anawaza maji ya mwisho. Kwa wasiojua, ndizi zikishapikwa zinachacha kwenye pipa siku kadhaa, afu unazimua na maji, unachuja, ndo unachanganya na uji wa kimea uliopoa. Hayo ya kuzimulia yanaingia baridi, hayapiti tena motoni. "Ya kupikia ndizi moto unakusaidia, baba. Haya nani atakusaidia?"

Kwahiyo jioni ya kuamkia kuchuja tulichemsha maji ya bomba kwenye masufuria yote ya nyumba mpaka ya kuazima kwa jirani, yakatokota bila mfuniko, yakalala yamefunikwa kitenge tu, asubuhi tukawa tunayamimina ndoo hadi ndoo yapate hewa. Hata pipa lilisuuzwa kwa hayohayo. Na ilikuwa masika, usiku ikanyesha, shangazi akaamka kukinga ya bati, ila aliacha kwanza mvua ioshe bati ndo akaweka ndoo, na bado akayachemsha maana ndege huko juu wanafanya yao.

Kaka mbishi sana. Akachota kindoo cha ndizi akazimua na maji ya koki moja kwa moja, akatia uji, eti aone tofauti. Kesho yake yetu inanukia ndizi na ulezi, ya kwake inanuka plasta, ile ya kidonda, na ukimeza inabaki kooni. Baadaye sana nilipoanza kufuatilia wapika bia wa nyumbani ndo nikaelewa, klorini ikikutana na fenoli za kwenye nafaka na magome inatengeneza klorofenoli, na pua inazinasa hata zikiwa kiduchu. Wenzetu wa Uingereza na Marekani wanatia kidonge cha Campden cha kuondoa klorini, kimoja kinatosha lita kama 75, kwasababu kuna miji inatumia kloramini, klorini iliyochanganywa na amonia, na hiyo haitoki kirahisi kwa kuchemsha.

Siku ya mahari shangazi akaonja kata ya kwanza mbele ya wakwe kama inavyotakiwa, ndo ikazunguka kwa wazee. Mzee mmoja akauliza hii imepikiwa kijiji gani. "Mbezi, maji ya bomba." Hawakuamini, wakaacha mahesabu ya ng'ombe wakaanza kubishana mfongo upi, ile mifereji ya maji ya Wachaga, kule mlimani ndo wenye maji ya mbege, na kaka kakaa pale kwenye suti anasubiri wamalize.