Nilivyozipata nyota kwa kamera ya mfukoni

Januari, ufukweni Makunduchi, anga limejaa nyota hadi Kilimia, kile kishada cha nyota, unakiona bila kukitafuta. Nikatoa kamera yangu ndogo, nikabonyeza. Picha nyeusi tii! Nikarudia, flashi ikawaka yenyewe, nikaambulia mbu wawili. Shangazi akauliza, "Mwanangu, unampiga picha nani gizani?"

Kosa lilikuwa kuiachia kamera iamue kila kitu. Kwenye otomatiki, shata (kilango kinachoingiza mwanga) ya hii yangu haikai wazi zaidi ya sekunde 1, na nyota zinahitaji muda. Nikapekua menyu hadi nikakuta sehemu ya shata ndefu, mwisho wake sekunde 15. Nikaiweka hapo, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, 800 (1600 ilileta chengachenga), flashi nikaizima, na fokasi nikaiweka kwenye alama ya mlima, kwa vitu vya mbali. Zumu sikuigusa: ukivuta, mwanga unaoingia hupungua na nyota hugeuka vistari, maana dunia inazunguka.

Bado zikatoka zimetikisika. Kumbe kidole changu! Sina stendi, basi nikailaza kamera juu ya mfuko wa mchele, lenzi ikitazama juu, nikatumia taimeri ya sekunde 2 ili nisiiguse shata inapofunguka.

Safari hii Kilimia kikatoka, na Orioni pembeni. Baadaye picha zikaanza kufifia. Ilikuwa unyevu wa bahari kwenye lenzi. Kanga ya shangazi ikaufuta.