Katuni sitini bila kuruka siku, na sarafu moja ya mia mbili

Nilipomwambia kinyozi wangu wa Majengo, hapa Moshi, kwamba nitambandikia katuni ukutani kila asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, waliokuwa kwenye foleni walinimwagia ushauri. Mmoja: nunua tableti. Mwingine: tafuta vijana wawili, mmoja atunge, mwingine aandike maneno, wewe uchore tu. Huyu ndiye aliyenikera, maana mfukoni nilikuwa na kitabu cha Charlie Brown nilichokipata kwenye mitumba ya Memorial, kwa buku hivi.

Charles Schulz, Mmarekani, alichora Peanuts, yaani katuni za huyo Charlie Brown, kuanzia Oktoba 1950 hadi Februari 2000. Katuni 17,897, na zote alitunga, akachora na kuandika maneno mwenyewe. Tena uchoraji alijifunza kwa posta, na somo la kuchora watoto akapata C+! Mimi mwalimu, najua C+ ni nini. Nikapata moyo.

Mhusika wangu anaitwa Chenji, konda asiye na chenji kamwe. Kumtunga si kazi. Panda daladala za Pasua wiki moja tu. Kazi ilikuwa kichwa. Nilitaka duara kama la Charlie Brown. Jumatatu likatoka andazi. Jumanne papai. Jumatano mama mmoja aliyeleta mtoto kunyolewa akauliza, "Mwalimu, huyu konda kapigwa?"

Nikachukua sarafu ya mia mbili, nikazungushia kalamu ya wino. Wino ukapenya chini ya sarafu, Chenji akaota ndevu. Karatasi nne zikaenda. Usiku, umeme umekatika, ndipo akili ikanijia: bandika salotepu tabaka tatu chini ya sarafu, ila isifike ukingoni. Sarafu inainuka, wino hauigusi. Duara safi! Nilivyopiga kelele, mke wangu akadhani mkeka wa kubeti umetiki.

Maneno andika kabla ya picha, la sivyo herufi zitabanana kama abiria wa jioni.

Schulz uzeeni mkono ulimtetemeka, mistari ikayumba, naye akaendelea kuchora. Mimi mkono mzima, nategemea sarafu. Sioni haya.

Jana nimebandika ya sitini. Yule mshauri wa vijana wawili akaisoma, akacheka, kisha akamnong'oneza kinyozi: eti nani ananitungia?