Siku moja maishani mwangu: kurasa 63 zilizopewa majina mapya

Saa 12:10 asubuhi

Simu inaita nikiwa bado napiga mswaki. Ni mama mmoja wa hapa Moshi, mwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro. Tovuti yake niliijenga mimi mwaka 2016.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Samahani kwa kukusumbua alfajiri. Tangu Ijumaa hakuna mgeni hata mmoja aliyetuandikia. Na huu ni mwezi wa sita!"

Namuuliza kama kuna kitu kilibadilishwa. Anafikiri kidogo, kisha anasema Alhamisi kijana wao wa ofisini aliyarekebisha majina ya kurasa "ili Google itupandishe juu". Namwambia nakuja.

Saa 2:15 asubuhi

Niko ofisini kwao, chai ya tangawizi mkononi. Nafungua Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha wanaotufikia kupitia utafutaji, na kabla sijasoma tarakimu naliona lile umbo la mstari: ulikuwa unapanda na kushuka kama kawaida, Ijumaa ukaanguka.

Ukurasa wa njia ya Machame ya siku 7, uliokuwa /machame-7, sasa unaitwa /best-cheap-kilimanjaro-climb-machame-7. /lemosho-8 nao vivyo hivyo, na /rongai-6, na /marangu-5. Kurasa 63 kwa jumla. Ukiacha kurasa 9 zilizounganishwa kuwa 3, yaliyomo hayakuguswa, picha zile zile, bei zile zile. Kilichobadilika ni anwani tu.

Mtu asiyefanya kazi hii huona hilo ni dogo, kama kubadilisha kibao cha duka. Kwa injini ya utafutaji, anwani ndiyo ukurasa wenyewe. Google haijui kwamba /machame-7 na lile jina refu ni kitu kimoja. Inachoona ni ukurasa wa zamani uliotoweka na mwingine mgeni kabisa, usio na historia, usiotajwa na yeyote.

Saa 3:00 asubuhi

Natafuta kwa nini hatuoni rundo la 404, ile nambari ya "ukurasa haupo". Jibu linapatikana kwenye programu-jalizi moja: kila anwani isiyopatikana inapelekwa kwenye ukurasa wa mwanzo.

Hili ndilo lililouma zaidi. Mgeni yuko Munich, amebofya kiungo cha Lemosho siku 8, anajikuta mbele ya picha kubwa ya mlima na neno Karibu. Hana haja ya kuanza kutafuta upya, anaondoka. Google nayo haidanganyiki. Ukizituma anwani kadhaa za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo usiohusiana nazo, inazihesabu kuwa 404 laini, yaani ukurasa haupo ingawa seva inajifanya upo.

Makala za safari zilinusurika, kwa sababu WordPress, mfumo unaoendesha tovuti hii, hukumbuka jina la zamani la makala na kumpeleka msomaji kwenye jipya. Lakini haifanyi hivyo kwa zile inazoziita kurasa, na njia zote za mlima zilikuwa kurasa.

Saa 4:30 asubuhi

Nakaa na yule kijana. Ananiita kaka, na macho yamemjaa hofu. Sikuja kumgombeza. Alisoma mahali kwamba maneno watu wanayoyatafuta yakiwekwa kwenye anwani, ukurasa unapanda. Si uongo mtupu, ila uzito wake ni mdogo mno. John Mueller wa Google amelieleza jambo hili mara nyingi: maneno kwenye anwani ni kigezo chepesi sana, na hayastahili kumfanya mtu abadilishe anwani zilizokwisha kukaa.

Namfungulia orodha ya tovuti zenye viungo vinavyoelekea kwetu. Kuna klabu ya wapanda milima ya chuo kikuu huko Ujerumani. Kuna daktari aliyepanda mwaka 2017 akaandika siku kwa siku. Kuna kurasa za wageni wetu wenyewe. Wote wameelekeza kwenye /machame-7 au /lemosho-8. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, wazo lao lilikuwa hili hili: kiungo kutoka kwa mwingine ni kama ushuhuda. Ushuhuda wetu wa miaka umebaki umeshika mlango uliofungwa.

"Kwa hiyo kaka, tuwaandikie wote wabadilishe?"

Hapana. Yule daktari pengine hata nywila yake ameisahau. Anwani ukishaitoa, iko mikononi mwa watu usiowajua.

Saa 6:00 mchana

Uamuzi. Ningeweza kuyaacha majina mapya na kuelekeza kila la zamani kwenye jipya lake kwa 301, ishara ya kuhama kwa kudumu. Google ilishasema mwaka 2016 kwamba maelekezo ya namna hiyo hayapunguzi PageRank, ule uzito ambao ukurasa huupata kutokana na viungo. Ingefanya kazi, baada ya wiki kadhaa za misukosuko.

Lakini majina mapya yana siku nne tu, na ya zamani yana miaka. Narudisha ya zamani, kisha majina mapya ndiyo yanaelekezwa kwa 301, maana kuna waliokwisha kuyatuma kwa WhatsApp. Kurasa 9 naziacha zilivyounganishwa kuwa 3, kwa kuwa hapo kijana alifanya kazi nzuri: zilikuwa zinarudiana. Hizo kila moja itaelekezwa pale habari yake ilipohamia.

Kabla ya yote, nakala rudufu.

Saa 7:20 mchana

Machalari kwa mama lishe wa jirani. Umeme unakatika, unarudi.

Saa 8:00 mchana hadi saa 11:00 jioni

Jedwali. Upande mmoja anwani inayoondoka, upande wa pili inapokwenda, mstari kwa mstari. Kijana anasoma kwa sauti, mimi naandika. Hakuna njia ya mkato ninayoiamini hapa: herufi kubwa na ndogo ni anwani tofauti, na kosa la kistari kimoja linampoteza mgeni.

Tunakuta mistari 21 ya maelekezo ya tovuti ya kabla yangu, majina yanayoishia .html. /machame.html ilikuwa inakwenda kwenye anwani ya kati, ndipo ifike /machame-7. Naikata hiyo ya kati. Roboti ya Google hufuata hadi hatua 10, lakini kila hatua ni muda, na mgeni mwenye intaneti dhaifu anausikia.

Kisha viungo vya ndani: menyu, vitufe vya "weka nafasi", lebo ya kanoniko kwenye kila ukurasa (inayoiambia Google anwani rasmi ni ipi), na ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa tunayoipa Google. Vyote vitaje anwani halisi, visipite kwenye maelekezo yetu wenyewe.

Mama anaingia na bunda la vipeperushi. "Mwanangu, na hizi?" Kila kimoja kina msimbo wa QR, na vimesambazwa hotelini tangu Januari. Nanyanyua simu, naskani. /lemosho-8 inafunguka. Anashusha pumzi, anakaa.

Saa 12:30 jioni

Ninaijaribu kila anwani kwa curl, programu inayoonyesha jibu la seva. Ya zamani, 200, yaani ukurasa upo. Jina refu, 301, kisha 200. Mbili zinazunguka zenyewe bila kufika popote, nazirekebisha. Natuma ramani ya tovuti upya, na kwa kurasa za njia zetu sita kuu naomba Google izipitie mapema. Namwambia mama ukweli: wanaobofya kutoka leo watafika, ila nafasi kwenye matokeo inaweza kuchukua wiki kadhaa kutulia. Na wachache waliofika Ijumaa au Jumamosi, vivinjari vyao vinaweza bado kuwapeleka ukurasa wa mwanzo, kwa sababu 301 ya ile programu-jalizi huhifadhiwa kwenye kivinjari.

Saa 3:40 usiku

Nyumbani, naangalia kumbukumbu za seva. Roboti ya Google imepita: /machame-7, 200. Dakika mbili baadaye, lile jina refu la Rongai, 301.

Juu kabisa ya faili la maelekezo naandika tarehe ya leo, na chini yake, kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yangu: "Mistari hii isifutwe kabla ya mwaka mmoja kupita. Ukiweza, usiifute kabisa. Kuna watu wanaitumia."