Barabara ipo kwenye OpenStreetMap (ramani huria ya dunia inayohaririwa na watu wa kujitolea), lakini maelekezo ya safari yanaikwepa: nilivyorekebisha

Dalili: kichochoro kinaonekana kimegusa barabara kuu, lakini ukiomba maelekezo unazungushwa mbali. Nilikagua lebo za uelekeo mmoja, nikabadili hata aina ya barabara (bure, nikairudisha).

Kilichosaidia ni kukuza ramani hadi mwisho. Nodi (nukta inayounda mstari wa barabara) ya mwisho ya kichochoro ilikuwa imelala juu ya mstari wa barabara kuu, lakini haikuwa sehemu ya mstari huo. Jicho linaona makutano. Programu ya kutafuta njia inaona ukuta. Kwenye JOSM, programu ya kuhariri ramani hiyo, nilichagua nodi hiyo, nikabonyeza J, barabara hizo mbili zikaungana. Kisha nikaendesha kikaguzi cha makosa cha JOSM, kikanionyesha vichochoro vingine vya jirani vyenye kasoro ileile, nikaviunga, nikapakia. Maelekezo yalinyooka programu ilipochukua data mpya.