Mpenzi mwaka 1976, mama mwaka 1982

Leo baada ya chakula cha mchana nimekaa na mama sebuleni, tukaangalia picha la Kihindi la zamani, Shakti, la 1982. Mama ni wa enzi za kupanga foleni sinema, haya mapicha anayafuata hata bila tafsiri.

Katikati akanyamaza. Akamnyooshea kidole Rakhee, mwigizaji anayecheza kama mama wa Amitabh Bachchan humo.

"Huyu si ndiye aliyekuwa mpenzi wa Amitabh kwenye Kabhi Kabhie?"

Ndiye.

Lile lilitoka 1976. Miaka 6 tu baadaye, Amitabh anamwita mama!

Nikaangalia kwenye simu. Amitabh kazaliwa 1942, Rakhee 1947. Yaani mama mtu ni mdogo kwa mwanawe kwa miaka 5.

Mama hakucheka. Alishika nywele zake pembeni ya sikio, pale hina inapoanza kufifia, akasema taratibu: "Kumbe walimzeesha mapema hivyo."

Mpaka sasa maneno hayo hayajanitoka.

Na bado yanaendelea. Sikandar ya 2025, Salman Khan wa 1965 kapewa mke, Rashmika Mandanna wa 1996. Inaniuma kweli.

Nyie mliokua na mapicha ya Kihindi, mliliona hili? Niambieni.